Suti ya Mkuu wa Majeshi

Tarehe 11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, cherehani zinazunguka na macho yako bado yanaliona tundu la sindano. Sisi huku hatujambo, ukiondoa goti la mama, ambalo siku hizi limejipa cheo: halipandi ngazi bila kusindikizwa. Anasema chanzo ni wewe, uliyemsukuma ukutani mlipokuwa wadogo. Nilimwambia kosa la miaka hamsini iliyopita haliwezi kuuma leo, akanijibu kwamba mimi ni karani wa Bunge, siyo daktari, niandike ninachoambiwa.

Mjukuu wako ameota meno mawili na anayatumia. Baba yake bado anafundisha, bado analalamika kuhusu chaki.

Kazini mambo ni moto. Unajua mimi ndiye karani wa Kamati ya Ulinzi, kwa hiyo kila linalosemwa mle ndani linapita kwenye kalamu yangu. Sheria inasema Mkuu wa Majeshi akifika miaka sitini anastaafu, na huyu wenu anafika tarehe thelathini Septemba. Kamati imemwandikia mara mbili kuuliza maandalizi ya kukabidhi ofisi. Mara zote mbili jibu limekuwa mstari mmoja: barua imepokelewa. Rais naye anasema sheria ni sheria, ila anaisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi ugenini. Mwenyekiti wetu, yule tunayemwita Mama Hoja, ameapa kwamba hii ni serikali ya kura na haitaongozwa na buti. Makofi yalipigwa, lakini niliona wajumbe wawili wakiangalia mlango.

Wewe unamvisha, mimi namwandika. Familia yetu inamjua mtu huyu mbele na nyuma. Tuandikie.

Mpwa wako


Tarehe 29 Mei

Mpwa wangu Mdadisi,

Marahaba. Mwambie dada sikumsukuma, aliteleza, na mashahidi wote wameshafariki, kwa hiyo kesi imekwisha. Mjukuu wangu mwambie ang'ate chochote isipokuwa mkono wa mwalimu.

Salamu pia kwa afisa anayefungua barua zetu kabla hazijaingia wala kutoka kambini. Najua yupo, kwa sababu bahasha zako zinanifikia na gundi mbichi. Afisa, hujambo? Suruali yako ya sherehe iko tayari. Nimeiongeza inchi moja kiunoni, usione haya, hata mimi nimenenepa.

Hapa karakana tuko mafundi kumi na mmoja na cherehani sita, na wote wanavaa sare isipokuwa mimi. Meza yangu ndefu iko pale pale dirishani, mwanga wa asubuhi unakaa juu yake hadi saa nne kisha unahamia kwa mtu wa vifungo. Pasi kubwa imeharibika, tunatumia ile ndogo inayounguza. Nina kola arobaini za kugeuza kabla ya mwezi kwisha. Mwaka wa thelathini na moja sasa, na bado kola ndiyo inayonisumbua.

Kuhusu mambo ya kamati yenu sina la kusema. Vaa viatu vya chini kazini, ngazi za Bunge ni ndefu.

Mjomba wako


Tarehe 14 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua hii nimempa muuza vifungo anayekuja kambini kwenu kila Jumanne, kwa hiyo safari hii gundi ni yangu. Mama anakusalimu. Goti limepata mkongojo na mkongojo umepata heshima kuliko sisi sote nyumbani.

Sitazunguka. Nilipokuwa mdogo uliwahi kuniambia desturi ya karakana yenu. Mkuu wa Majeshi akibakiza siku tisini kustaafu, anashonewa suti ya kiraia, ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima. Naibu wake anatia saini karatasi, karatasi inaletwa mezani kwako, nawe unachukua tepu unakwenda kumpima. Ulisema wakuu watatu umewapima hivyo, na kwamba mmoja alilia ukamwambia asimame wima.

Siku tisini kabla ya tarehe thelathini Septemba ni tarehe mbili Julai. Nataka kujua kitu kimoja tu: karatasi ikija, niambie. Isipokuja, niambie pia.

Siulizi kwa umbea. Mama Hoja anataka kamati ipige kura mwezi wa nane kumtaka Rais amteue mrithi. Kama Mkuu anakwenda kwa hiari, tutapiga kura kwa lugha laini naye aondoke na heshima yake. Kama hana nia ya kwenda, basi siku ya kura ndiyo siku watakayokuja, na wa kwanza kuchukuliwa ni mwenyekiti, wa pili ni mimi, kwa sababu kumbukumbu zote ninazo mimi. Ninataka kujua kama nimpeleke mtoto kwa wakwe. Ukweli ni kwamba naogopa, mjomba, na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeingia ofisini kwake bila kubisha.

Mjibu muuza vifungo kwa mdomo ukitaka. Atasahau akishaniambia, kichwa chake kinabeba vifungo tu.

Mpwa wako


Tarehe 6 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nafurahi kusikia habari za mkongojo. Mbao ya aina gani? Ikiwa laini italiwa na wadudu.

Natumia posta ya kawaida, na afisa namsalimu kama ilivyo ada. Suruali hujaichukua.

Uliloniuliza kwa njia ile sitalijibu kwa njia ile wala kwa nyingine. Mwili wa mteja ni siri ya fundi. Najua nani ana bega moja chini, nani anafunga mkanda wa tumbo chini ya sare, nani amekonda tangu mkewe aondoke, na yote nitazikwa nayo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi.

Hapa kazi ni zile zile. Pasi kubwa imerudi kutoka matengenezo, sasa haipati moto kabisa. Jana nimepanga vitambaa vya kabatini kwa rangi.

Msalimie mwalimu. Mtoto mpeleke kwa wakwe ukitaka, hewa ya huko ni nzuri.

Mjomba wako


Tarehe 28 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Sina salamu ndefu leo, muuza vifungo ananisubiri. Walinzi wa lango la Bunge wameondolewa, wamewekwa askari wa jeshi. Kitambulisho changu kinaangaliwa mara tatu kati ya lango na meza yangu, na mara ya tatu anayeangalia ni yule yule wa mara ya kwanza. Magari mawili ya deraya yameegeshwa kwenye maegesho ya wabunge. Ukiuliza unaambiwa ni mazoezi.

Mpiga chapa wetu, yule dada mnene niliyekuja naye kwako siku ile ukampunguzia gauni, alichukuliwa Jumatatu akiwa anakunywa chai. Alirudi Jumatano. Ameomba uhamisho, na akichapa anaandika herufi mbili anafuta moja. Anasema walitaka kujua nani anatunza kumbukumbu za kamati.

Mtoto tumempeleka. Mume wangu anataka niache kazi, nimekataa. Maji nimeshayavulia nguo. Kura ni tarehe ishirini na tano Agosti.

Kutoka kwako nilitaka neno moja, ndiyo au hapana, ukaniuliza mbao ya mkongojo. Sitakuuliza tena. Kaa na siri zako na kola zako. Mama amesema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: mwambie ndugu yangu kwamba mtoto ninaye mmoja.

Mpwa wako


Tarehe 4 Septemba

Mjomba, shikamoo!

Bila shaka mmesikia huko, maana redio ya kambini haizimwi. Tarehe kumi na saba Agosti, siku nane kabla ya kura yetu, Mkuu alimwandikia Rais kwamba anastaafu kwa tarehe yake, bila nyongeza, na anamtakia heri atakayemrithi. Mama Hoja alilia mbele ya wajumbe, kisha akasema hoja yake ni kwamba hakulia. Magari ya deraya yameondoka na kuacha matope kwenye maegesho. Wale walinzi wetu wa zamani wamerudi, na mmoja wao hakuangalia kitambulisho changu, alinikumbatia.

Hatukuhitaji hata kura. Barua yetu ya tatu, tuliyomtumia mapema Agosti, ndiyo iliyomgonga, kila mtu anasema hivyo. Niliiandika mimi, Mama Hoja akatia saini. Nchi hii imemwondoa mwenye bunduki kwa karatasi, mjomba, na karatasi yenyewe nimeichapa mimi!

Jana Rais alimleta Naibu mbele ya kamati kama mrithi. Tulimthibitisha kwa dakika ishirini. Mtu mpole, anasikiliza, anaandika kwa penseli. Ana miaka hamsini na moja.

Mtoto amerudi, ameongeza meno. Mama anatembea hadi dukani. Kimya chako cha mwezi mzima nimekusamehe, kwa kuwa tumeshinda bila wewe. Ila andika, mama anaanza kuhesabu wiki.

Mpwa wako


Tarehe 17 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa.

Anwani iliyo kwenye bahasha ni mpya. Nimepanga chumba nyuma ya duka la magodoro. Kina dirisha moja linaloangalia ukuta, kwa hiyo nashonea mlangoni, na wapita njia wananiletea zipu. Dada mwambie niliacha kambi kwa sababu ya macho. Wewe nakuambia ukweli, maana barua hii haijapita kwa afisa yeyote.

Karatasi haikuja. Tarehe mbili Julai nilikaa na tepu shingoni tangu asubuhi hadi pasi zikazimwa. Wala haikuja tarehe tatu, wala tarehe kumi. Badala yake ilikuja oda nyingine: sare mpya ya sherehe ya Mkuu, kwa gwaride la Desemba. Mtu anayeondoka Septemba hashonewi sare ya Desemba. Hilo ndilo nililokuficha. Ungelijua ungemwambia Mama Hoja, yeye angelisema kikaoni, na wangejua limetoka wapi. Mimi wangenivumilia kwa ajili ya kola. Wewe nani angekuvumilia?

Kisha ikaja barua yako ya mpiga chapa. Nilikumbuka gauni lake na vipimo vyake. Niliogopa, mpwa wangu, kuliko hata siku ya kumkatia suti Rais wa zamani. Nikatoa kitambaa cha kijivu nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe. Nikakata koti kwa vipimo vya Mkuu ninavyovijua kwa kichwa, nikalishikiza kwa uzi mweupe. Tarehe kumi na mbili Agosti, saa tatu asubuhi, nikalitia mkononi nikaenda ofisini kwake. Msaidizi wake akaniuliza nimekuja kwa lipi. Nikasema vipimo. Fundi haulizwi mara mbili.

Mkuu alisimama. Hakuniangalia mimi, aliliangalia koti. Kisha akavua la kijeshi mwenyewe, akalitundika kwenye kiti, akanyoosha mikono. Amekonda, inchi mbili kifuani. Nikaanza kubana kwa pini.

Akaniuliza, "Naibu ametia saini lini?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Ningeweza kuzitema nikasema hajatia, nimejileta. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka kwenye pindo, ya kwanza, ya pili, bila haraka. Ilipofika ya nne alikuwa ameshajijibu mwenyewe. Naibu hawezi kutia saini karatasi ile mpaka wakuu wa vikosi wote waafikiane, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuikataa. Akasema polepole, "Kwa hiyo wote."

Nikasema, "Geuka kidogo, Mkuu. Bega la kushoto."

Akageuka. Hakuomba kuiona karatasi. Nadhani aliona aibu kuomba. Siku tano baadaye akamwandikia Rais.

Sasa unajua barua yenu ya tatu ilifanya kazi gani. Samahani kukuharibia furaha. Hakuiogopa sheria wala Bunge. Aliogopa kwamba wenzake wamemgeuka, na hawakuwa wamemgeuka, walikuwa wanangoja Desemba pamoja naye. Na usifikiri nilikwenda kwa ajili ya nchi. Nilikwenda kwa ajili yako, na pia, nisikudanganye, kwa ajili ya kazi: katika miaka thelathini na moja sijawahi kuchelewesha suti ya mtu.

Siku ya makabidhiano nilikuwa nyuma yao nikishika brashi ya nguo. Mkuu alimwambia Naibu, "Hukuthubutu kunikabili, ukanitumia fundi." Naibu hakuelewa. Nilimwona asivyoelewa, kisha nikamwona anaelewa, na akanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Akampigia saluti.

Kesho yake aliniita. Aliniambia nikae, jambo ambalo si la kawaida. Akasema, "Mzee, umenipa kiti, nakushukuru. Lakini mtu anayeweza kumwondoa mkuu kwa tepu, mimi siwezi kulala naye kambi moja." Akanipa wiki mbili kuhama nyumba niliyopewa kambini. Kisha akavuta kitabu cha taratibu, akatafuta ukurasa wa suti, akaufuta kwa mstari wa ile penseli yake mnayoisifu. Kuanzia sasa hakuna fundi anayekwenda kumpima mkuu yeyote. Huyu mtu ana miaka tisa mbele yake, na nyinyi ndio mliomthibitisha.

La mwisho, na hili lisome kwa makini. Yule mstaafu bado anaamini kwamba Naibu alitia saini. Anaishi katika nyumba yenye bustani, na wakuu wawili wa vikosi wanakunywa naye chai kila Jumapili. Mpaka sasa hawajayazungumza hayo, kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Sijui haya inadumu wiki ngapi.

Mjomba wako


Tarehe 2 Novemba

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima. Mama haamini habari ya macho, anasema mtu asiyeona hawezi kuandika mistari iliyonyooka hivyo, lakini hajaniuliza zaidi. Chumba cha mbele tumekiondolea makabati. Kina madirisha mawili na jua la asubuhi linaingia mpaka saa tano. Mume wangu amepima, meza yako inaingia ukiikata miguu kidogo. Njoo, mjomba. Siyo kwa kuzuru, uje ukae.

Nilikuandikia kwa kiburi, mara mbili, na ninaona aibu. Nilikaa siku mbili na barua yako kabla ya kuweza kuigusa tena. Ningeweza kukushukuru kwa maneno mengi lakini utaniuliza mbao ya mkongojo.

Taarifa ya kamati inawasilishwa Alhamisi. Sura ya tano inasema Mkuu alistaafu kwa kuheshimu Katiba na kuitikia wito wa Bunge. Niliiandika mimi mwezi wa tisa, kwa furaha yote. Asubuhi nzima nimekaa mbele yake na sijaondoa hata nukta. Nikiandika ukweli, Jumapili ijayo utafika kwenye ile bustani, na wale watatu wakishajua kwamba hakuna aliyetia saini watasimama na kuacha chai, waende kukidai kile kiti. Kwa hiyo funika kombe mwanaharamu apite. Mimi niliyekulaumu kwa kunyamaza sasa ndiye ninayenyamaza, na mbele ya Bunge zima.

Nilijaribu kitu kimoja. Mwishoni mwa sura niliongeza pendekezo: utaratibu wa siku tisini wa kumwandaa Mkuu kustaafu uwekwe kwenye sheria, usibaki kwenye kitabu cha kambi ambacho mtu mmoja anaweza kukifuta kwa mstari wa penseli. Mama Hoja alilisoma kikaoni kwa sauti. Akaniangalia juu ya miwani.

"Karani, hili limetoka wapi? Si tumeona wenyewe kwamba sheria iliyopo inatosha? Mtu kaondoka bila kusukumwa."

Nikasema ni tahadhari tu.

"Tahadhari ya nini? Nipe sababu moja niitetee mbele ya wabunge."

Wajumbe wote walikuwa wananitazama. Mjomba, nilikuwa na sababu, na nilikaa nayo kinywani.

Nikasema sina.

Akalikata kwa kalamu nyekundu, tukaendelea na sura ya sita.

Mpwa wako